Kuchagua Mfumo Endeshi ni Kuchagua Majirani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, swali moja limekuwa likinijia mara kwa mara. Linatoka kwa wanafunzi, kwa wanaharakati ninaoshirikiana nao, na hata kwa watumishi wa umma wanaosoma shahada ya uzamili jioni baada ya kazi: "Dokta, nimeamua kuachana na Windows. Nianze na Linux ipi?" Wengine huongeza kwamba wamesikia habari za kitu kiitwacho BSD, na mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba Unix ndiyo baba wa yote hayo. Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nafundisha siasa na utawala wa umma. Hata hivyo, nimetumia mifumo ya jamii ya Unix kwa zaidi ya miaka 15, na nathubutu kusema kwamba wakilipeleka swali hili kwa wahandisi pekee watapata nusu ya jibu. Mhandisi atawaeleza kuhusu kasi, kumbukumbu na prosesa. Mimi nataka kuwaeleza kuhusu watu.

Hoja yangu ni hii: mtu anayeanza anachagua watu atakaowategemea. Anachagua walioandika mfumo, wanaoutawala na kuamua kesho yake, na zaidi ya wote anamchagua yule aliye hatua chache kutoka chumbani kwake, atakayegongewa mlango usiku printa itakapokataa kuchapa kazi inayotakiwa asubuhi.

Tutazame kwanza hali halisi. Kompyuta nyingi zilizomo katika ofisi zetu, maabara za vyuo na vyumba vya wanafunzi ni za mtumba, au zilinunuliwa miaka minane, kumi iliyopita. Zinafanya kazi. Kioo kinawaka, kibodi imekamilika isipokuwa labda herufi moja mbili, na diski bado ina uhai. Lakini Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine isiyotimiza masharti hayo haihesabiki. Hivyo kifaa kizima kimetangazwa kuwa kizee na mtu aliye ng'ambo ambaye hajawahi kukiona. Mwenye kifaa ana njia chache: kununua kingine, kujisajili au kulipia nyongeza fupi ya muda wa masasisho, kubaki na mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena, au kuhama. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa bumu la mkopo, njia ya kwanza haipo.

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema hadharani. Windows hiyo tunayoihama, wengi wetu hatukuwahi kuimiliki. Ilipigwa. Neno hili la mtaani lina ukweli wake: nenda steshenari iliyo jirani na chuo chochote, mkabidhi kijana mashine yako pamoja na shilingi elfu chache, rudi baada ya saa mbili na utakuta "imepigwa Windows", na Office yake, na SPSS yake, vyote bila leseni. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo. Tunamfundisha mwanafunzi maadili ya utafiti, tunaipitisha tasnifu yake kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, ilhali tasnifu hiyohiyo ameiandika kwa programu iliyoibwa, na sisi wasimamizi tunalijua hilo. Sisemi haya kwa kuwahukumu vijana. Leseni halali za Windows na Office kwa pamoja zinaweza kuizidi bei ya kompyuta ya mtumba yenyewe. Lakini wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Sembuse cha kuiba. Programu za kuvunja leseni huja na wageni wao, na masasisho huzimwa ili wizi usigundulike. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimsimamia alipoteza sura mbili za tasnifu kwa sababu fundi aliyempigia Windows mpya hakujishughulisha kunakili faili zake kwanza.

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza kuhusu baba wa yote. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Maabara hizo zilikuwa za AT&T, kampuni ya simu iliyohodhi soko kiasi kwamba mwaka 1956 ilikubaliana na serikali, mbele ya mahakama, isijiingize katika biashara nje ya mawasiliano. Kwa sababu ya kifungo hicho cha kisheria haikuweza kuiuza Unix kama bidhaa, ikawa inaitoa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote. Wanafunzi waliweza kuusoma mfumo mzima mstari kwa mstari, kuukosoa na kuurekebisha. Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kiliurekebisha hata kikazaa ukoo wake chenyewe, unaoitwa BSD.

Kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda, pengine kwa kuwa nami ni mwalimu. Katika miaka ya 1970 mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, John Lions, aliandaa kitabu cha ufafanuzi wa msimbo wa Unix kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1979, toleo la saba la Unix lilipotoka, leseni mpya ilikataza msimbo huo kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikazuiwa kusambazwa. Wanafunzi wakafanya kile ambacho wanafunzi wa Mlimani, Makerere au Nairobi wangekifanya: wakakitoa kopi. Kopi ya kopi ya kopi ikazunguka dunia kwa miaka mingi, nyingine zikiwa zimefifia hata kusomeka kwa taabu, mpaka mwaka 1996 kitabu kilipochapishwa kwa ruhusa. Huko Amsterdam, mhadhiri mwingine, Andrew Tanenbaum, alipoona hawezi tena kufundisha Unix yenyewe, aliandika mfumo wake mdogo unaofanana nao, akauita MINIX, na mwaka 1987 akautoa pamoja na kitabu cha kiada. Mmoja wa waliokisoma kitabu hicho alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds. Mwezi Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake mwenyewe kwa kujifurahisha tu.

Kiini alichokiandika kijana yule peke yake kisingefika mbali. Kilikutana na kazi ambayo Richard Stallman alikuwa ameitangaza tangu mwaka 1983 chini ya jina la GNU, yaani kuandika upya zana zote za Unix zikiwa huru, na kilikutana na leseni yake ya GPL, ambayo Torvalds aliikubali mwaka 1992. Leseni hiyo, kwa lugha nyepesi, inasema: itumie upendavyo, isome, ibadilishe, wagawie wenzako, lakini ukiisambaza, iwe umeibadilisha au la, usimnyime unayempa haki ulizopewa wewe. Mwanasiasa angeweza kujifunza mengi kutokana na sentensi hiyo moja.

Naisimulia historia hii kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini jirani yako, kama anajua chochote nje ya Windows, anajua Linux na si BSD. Mwaka 1992 tawi la AT&T lililokuwa na haki za Unix liliishtaki kampuni iliyouza BSD, kisha na Chuo Kikuu cha California chenyewe. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 1994. Katika miaka hiyo miwili ya wasiwasi wa kisheria, watu waliotaka Unix huru kwenye kompyuta zao ndogo waliikimbilia Linux, ambayo haikuwa na kesi. Ubora haukuamua. BSD ilikuwa imekomaa zaidi, na hadi leo watoto wake, FreeBSD, OpenBSD na NetBSD, wanaheshimika kwa nidhamu ya msimbo na usafi wa nyaraka. WhatsApp tunayoitumia kusengenya na kuandaa vikao ilikua juu ya seva za FreeBSD. Lakini mgeni akinijia na kompyuta mpakato ya mtumba yenye kadi ya Wi-Fi isiyojulikana ilikotoka, sitamwelekeza huko. Draiva ni chache zaidi kuliko za Linux, na akikwama saa nne usiku bwenini hatampata wa kumsaidia. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Aanze kwingine, akishakomaa, akiwa na mashine ya pili ya kuchezea, FreeBSD itampa elimu tamu. Kuhusu macOS ya Apple, ambayo nayo ni Unix halali kabisa, itoshe kusema kwamba anayeweza kuinunua hahitaji ushauri wangu.

Basi Linux ipi? Linux peke yake ni kiini. Anachosakinisha mtu ni kifurushi kamili, kiini pamoja na maelfu ya programu, na vifurushi hivyo, ambavyo watumiaji huviita distro, ni vingi hata kumchanganya mgeni. Wapo vijana wajuzi watakaomshauri aanze na Arch au Gentoo ili "ajifunze kikweli". Ushauri wa aina hiyo ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumtupa kilindini. Anayenusurika husimulia kwa majivuno, na asiyenusurika hurudi steshenari kupigiwa Windows. Mimi ningependa mgeni aulize maswali ambayo mwanafunzi wangu wa utawala angeiuliza taasisi yoyote: nani anaamua hapa, anawajibika kwa nani, na akinigeuka nitafanya nini?

Maswali hayo si ya nadharia. Kwa miaka mingi vyuo, mashirika na wafanyabiashara wadogo waliendesha seva zao kwa CentOS, mfumo wa bure uliofuata nyayo za bidhaa ya kulipia ya kampuni ya Red Hat. Mwaka 2019 Red Hat ilinunuliwa na IBM kwa dola bilioni 34. Mwezi Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watumiaji waliahidiwa ingetunzwa hadi mwaka 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Tangazo moja likafuta miaka minane ya mipango ya watu. Na hapa ndipo tofauti ya programu huria ilipoonekana: kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, ndani ya mwaka 2021 wengine walikwisha kujenga warithi wawili, AlmaLinux na Rocky Linux, na waliokuwa CentOS wakahamia huko bila kuandika upya kazi zao. Windows 10 ilipofikia kikomo hakuna jamii iliyokuwa na haki ya kuiendeleza.

Ubuntu ndilo jina ambalo wengi walilisikia kwanza, nasi Waswahili tuna sababu ya kulionea fahari, maana ni neno la jamaa zetu wa kusini lenye shina moja na utu wetu. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi mwaka 2011 kampuni yake ilimtumia CD kwa posta, bila malipo, yeyote aliyeomba. Kwa mtu aliyekuwa akipakua faili kwa modemu, CD ile katika sanduku la posta ilikuwa na thamani kubwa. Lakini kampuni ni kampuni. Mwaka 2012 Ubuntu ilianza kupeleka maneno ambayo mtumiaji aliyatafuta kwenye kompyuta yake mwenyewe ili aonyeshwe bidhaa za Amazon. Kelele zilipigwa, Stallman akiwa miongoni mwa wapigaji, na mwaka 2016 utaratibu huo ulizimwa, ukabaki kwa atakayeuwasha mwenyewe. Ubuntu bado ni chaguo la heshima. Nasema tu kwamba jina zuri halimwondolei raia wajibu wa kuuliza.

Debian ni kitu kingine, na kama ningekuwa na muda ningeifundisha katika somo la katiba. Ilianzishwa mwezi Agosti 1993 na Ian Murdock, haina mwenye hisa, na inajengwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Ina mkataba wa kijamii wa mwaka 1997 na katiba ya mwaka 1998. Kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka, na wanachama wanaweza kupiga kura kubatilisha uamuzi wake. Mwaka 2022 walipiga kura juu ya suala ambalo lingeonekana dogo kwa mtu wa nje: je, diski ya kusakinishia iwekwe programu ndogo zisizo huria ambazo bila hizo kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi? Upande mmoja ulitetea msingi, upande mwingine ulimtetea mgeni anayesakinisha na kukuta hana intaneti. Mgeni alishinda, na tangu Debian 12 ya mwezi Juni 2023 programu hizo zimo ndani. Nimehudhuria vikao vingi vya vyama na vya mabaraza ya vyuo. Nadra nimeona mgogoro wa msingi na uhitaji ukitatuliwa kwa kura iliyo wazi namna ile, na walioshindwa wakaendelea kufanya kazi.

Jibu langu, basi, kwa mtu binafsi anayeanza leo ni Linux Mint. Inajengwa juu ya Ubuntu, ambayo nayo imejengwa juu ya Debian, ila Mint imeondoa baadhi ya mambo ambayo kampuni iliyasukuma. Ilianza mwaka 2006 na inatunzwa na kikundi kidogo. Menyu iko kushoto chini pale jicho lilipozoea kuitafuta, na mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 inaiendesha bila kulalamika, hasa ukichagua mazingira ya Xfce. Kwa ofisi, maabara ya chuo au shirika lisilo la kiserikali linalotaka kuziweka kompyuta 20 na kuzisahau kwa miaka kadhaa, jibu langu ni Debian. Lakini majibu yote mawili nayaweka chini ya sharti moja: kama mwenzako wa chumba, dada yako au mtu wa TEHAMA katika ofisi yenu anatumia Ubuntu au Fedora na yu tayari kukusaidia, chukua anachotumia yeye. Miezi sita ya kwanza, mtu huyo ni wa thamani kuliko hoja zangu zote.

Nimekwisha kusikia pingamizi: "Dunia nzima inatumia Windows." Dunia ipi? Simu ya Android iliyo mkononi mwa anayeuliza inaendeshwa na kiini cha Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikitumia Linux zote, bila kubaki hata moja, tangu Novemba 2017. Kilichoshikwa na Windows ni meza ya ofisini, na pingamizi la kweli liko hapo: nyaraka tunazotumiana. Juu ya hilo tuna mifano miwili ya Ulaya ambayo watumishi wa umma wanapaswa kuijua.

Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kufikia mwaka 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017, baada ya uongozi wa jiji kubadilika na manung'uniko juu ya nyaraka zisizofunguka sawasawa kuongezeka, baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Nchini Ufaransa, polisi wa Gendarmerie walifuata mlango mwingine. Mwaka 2005 walibadilisha kwanza programu za ofisi, wakaweka OpenOffice juu ya Windows ileile waliyoizoea. Mwaka uliofuata wakaweka Firefox na Thunderbird. Ni mwaka 2008 tu ndipo walipoanza kubadilisha mfumo wenyewe, wakaweka Ubuntu, na askari waliokaa mbele ya kompyuta hawakuona mabadiliko makubwa, kwa maana programu walizozishika kila siku zilikuwa zilezile. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao ziko huko na hazijarudi.

Mgeni afuate njia ya Gendarmerie. Kabla hujagusa mfumo endeshi, kaa miezi miwili na LibreOffice ndani ya Windows yako. Andika humo kazi zako, fungua humo barua za wakuu wako, uone kinachovurugika. Kama unatumia SPSS ya kupigiwa, jaribu R au PSPP. Kama ni ramani, jaribu QGIS. Zote hizo zipo pia Linux, na siku utakapohama utazikuta zinakusubiri. Mifumo ambayo mtumishi na mwanafunzi hukutana nayo kila siku, kama ESS ya watumishi au OLAMS ya Bodi ya Mikopo, hufunguliwa kwa kivinjari na haijali chini yake kuna nini. Ila kuna kazi ambazo sitamdanganya mtu juu yake. Mbunifu wa majengo anayetegemea AutoCAD, au mchapishaji anayeishi ndani ya programu za Adobe, hatazikuta upande wa pili. Huyo abaki na Windows, au aweke mifumo miwili katika mashine moja, na ailipie leseni yake.

Siku ya kuhama ikifika, mambo ni machache. Faili ya Mint ina takriban gigabaiti 3, kwa hiyo usiimalizie bando. Pakua kwenye mtandao wa chuo usiku, mara moja, kisha mgawiane kwa flashi darasa zima. Kugawana huko, tofauti na kule mlikozoea, ni halali kabisa. Pakua kutoka tovuti ya Mint yenyewe na uhakiki namba ya utambulisho wa faili kama wanavyoelekeza. Si urasimu huo: mwezi Februari 2016 wahalifu waliidukua tovuti ya Mint na kwa muda mfupi wakawapa watu faili lililotiwa mlango wa nyuma. Mint walitangaza wenyewe mara moja, jambo ninalolihesabu upande wao. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kwanza. Halafu washa kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, ujaribu Wi-Fi, sauti, printa ya ofisi na projekta. Kama kimoja kinakataa, mtafute yule jirani kabla hujafuta Windows.

Kwa wanaharakati naongeza neno. Wakati wa kusakinisha, Mint na Debian hukupa nafasi ya kuisimba diski nzima ili asiye na neno la siri asiweze kusoma kilichomo hata akiing'oa. Ikubali nafasi hiyo wakati uleule, maana kuirudia baadaye ni kazi kubwa. Na ulisahau neno lile, hakuna fundi wa kukufungulia. Wenye kazi nyeti zaidi wanaweza kuisoma Tails, mfumo uliojengwa juu ya Debian, unaoendeshwa kutoka kwenye flashi na kutoacha alama kwenye mashine. Lakini mtu anayehifadhi majina ya mashahidi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 asidhani kwamba Linux itamwokoa.

Limebaki suala la lugha. Mwaka 2004, mradi wa KiLinux uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi ile walilazimika kuamua istilahi ambazo hazikuwahi kuwapo, na hawakuhitaji ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Nikiitaja kazi hiyo darasani leo naona nyuso zinazoisikia kwa mara ya kwanza. Mint na Debian hukuruhusu kuchagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Tarehe na jina la mwezi vitakuja kwa Kiswahili, lakini menyu nyingi zitabaki Kiingereza kwa sababu hakuna aliyezitafsiri. Majukwaa ya tafsiri ya programu hizi yako wazi kwa yeyote mwenye akaunti, sentensi moja moja, na mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza na menyu ya LibreOffice jioni ya leo.